Mwaka Niliomshinda Zaituni

Ujumbe uliingia nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la tano, na niliusoma mara tatu kabla sijaamini umetoka kwa nani. "Mama ametutoka alfajiri. Tunazika kesho Maneromango baada ya adhuhuri. Mtani, njoo. Zaituni." Hakukuwa na salamu wala maneno ya kwamba ni siku nyingi. Namba yangu sijui aliipata wapi. Labda kwa mtu wa Kibaha, maana Kibaha wanaiita mji lakini habari za watu bado zinatembea kama kijijini. Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka chai ikapoa. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu tulipokuwa na miaka kumi na tisa, na sasa nina mvi ninazozificha kwa hina na goti linalonisumbua kila mvua ikikaribia. Kilichonishika moyo hakikuwa kifo cha mama yake, Mungu anisamehe, bali lile neno mtani. Zaituni alikuwa na haki ya kuniita majina mengi, lakini hilo nilidhani alishalifuta zamani.

Niseme mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia sababu: nilimpoteza Zaituni kwenye gemu. Ndiyo, gemu la kwenye runinga, la kubonyeza vitufe. Wenzangu wamepoteza marafiki kwa sababu ya wanaume, mashamba na siasa. Mimi nilimpoteza wangu kwa sababu ya mwanamke wa kijani aliyekuwa akimpiga mateke mwanamke wa manjano ndani ya kioo. Na nilimpoteza bila kuvunja kanuni hata moja, si ya gemu wala ya utani, ndiyo maana miaka yote hii sikujua niombe msamaha wa kosa gani. Nimewahi kumsimulia mwanangu nusu ya kisa hiki. Yeye na rafiki zake huuana kwenye simu mara kumi kabla ya chai ya saa nne, kisha wanagawana andazi moja. Aliniambia, "Mama, kwenye gemu hakuna rafiki. Mkimaliza ndiyo mnakuwa marafiki tena." Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyolisema bila kufikiri, nikamtuma dukani.

Mwaka ule mimi na Zaituni tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na tunasubiri matokeo, na baada ya matokeo tukasubiri tena nafasi za vyuo. Kusubiri ndiyo ilikuwa kazi yetu. Ili tusikae bure tukapelekwa kujifunza kusuka kwa Mama Nasra, aliyekuwa na saluni Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, siyo ile ya Tanga ambayo wageni huniuliza habari za bahari yake. Saluni ilikuwa na chumba cha mbele chenye kioo kikubwa na viti vitatu, na chumba cha nyuma chenye drayer mbili za kukaushia nywele, benchi, jiko la mkaa na runinga. Kila kitu pale kilinuka mafuta ya nazi na dawa ya nywele, hata chai. Kaka yake Mama Nasra, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa amemletea Nasra mashine ya gemu, lakini Nasra alikuwa na miaka mitatu na akaiogopa. Mama yake akaiunganisha kwenye ile runinga ya nyuma. Aligundua kwamba mteja mwenye rola kichwani akipewa kitu cha kufanya halalamiki tena kwamba drayer inamuunguza.

Wanawake wa Pangani wakalipenda gemu. Ukiingia saa tisa alasiri ungewakuta wawili wamekaa chini ya zile drayer, vichwa ndani ya moto, pedi za kuchezea mkononi, wakipiga kelele. Mtu akiwa chini ya drayer hajisikii anavyozungumza, kwa hiyo siri zote hupigiwa kelele. Hivyo ndivyo nilivyojua nani kahamia kwa nani, mume wa nani anasema anakwenda Mlandizi kumbe haendi, na ni kwa nini muuza genge aliacha kumsalimia jirani yake. Kanuni ilikuwa moja: anayekufa anapisha. Mama Nasra akaongeza ya pili msimu wa mafenesi ulipofika, kwamba asiyenawa mikono kwa mafuta ya taa baada ya kula fenesi haigusi pedi. Zaituni alikuwa akiletewa mafenesi kutoka kwao Kisarawe, na kwa wiki nzima vitufe vilikuwa vinang'ang'ania vidoleni.

Siku ya kwanza tulipokutana aliniuliza jina, nikamwambia Kalunde. Akauliza kabila, nikamwambia Mnyamwezi. Alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani. Akaishusha palepale mbele yangu. "Alaa! Mpagazi amefika! Baba zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe nibebee hii mpaka ndani." Nikamjibu kwamba sitaki kumwachia Mzaramo kichwa cha mteja, kwa sababu ngoma ikilia mtaa wa pili mteja atabaki na rasta nusu. Mama Nasra alicheka hadi akakaa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na kati ya watani unaweza kusema lolote, kuchukua lolote, hata kuharibu msiba, na mwenzako haruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye mkosaji. Kabla ya jioni tulikuwa tumetukanana mpaka tukawa marafiki, na sijawahi kupata rafiki kwa njia fupi kama ile.

Kwenye kasha la mashine mlikuwa na diski moja isiyo na picha, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito maandishi ambayo wengine walisema ni ya Kichina na wengine ya Kijapani. Ndiyo gemu tulilolipenda. Wanawake wawili wapiganaji, mmoja wa kijani na mmoja wa manjano, wanatembea pamoja kwenye mji uliojaa majambazi, wanapigana bega kwa bega, wakimaliza mtaa wanahamia mwingine. Tukawabatiza Bi Kijani na Bi Manjano. Mimi nilikuwa Bi Kijani. Kulikuwa na mitaa kumi na miwili, na hakuna mteja aliyewahi kupita wa tano. Sisi tulipita, kwa sababu tulikuwa tunacheza kila siku baada ya kufagia nywele, na kwa sababu ya Zaituni. Katika gemu lile wakati mwingine unakuta sahani ya kuku imewekwa njiani. Ukiila, damu yako, ule mstari wa uhai juu ya kioo, inaongezeka. Kila sahani ilipotokea Zaituni alitazama damu yangu kwanza. "Kula wewe, mpagazi, safari ndefu." Nami nilikula. Nikikumbuka vizuri, na nimejitahidi kukumbuka kinyume chake, sidhani kama niliwahi kumwachia yeye hata mara moja.

Mvua za vuli zilipoanza, ikaja habari kwamba bibi yake Zaituni huko Maneromango anaumwa. Ilikuwa Ijumaa. Zaituni alitaka kuondoka kesho yake asubuhi. Nilimwambia Jumamosi tuna vichwa vya harusi, Mama Nasra hatakubali, aende Jumapili. Hilo lilikuwa kweli. Lakini tulikuwa pia tumefika mtaa wa kumi na moja, na mashine ile haikuwa na pahala pa kuhifadhi ulipofikia. Ukiizima unaanza upya. Tuliiacha ikiwaka usiku kucha imefunikwa kanga, na mimi nilitaka kumaliza ule mtaa Jumamosi jioni. Nilimwambia, "Bibi yako Mzaramo yule, hafi kabla ya kula futari ya Ramadhani ijayo." Akacheka, akabaki. Tuliumaliza mtaa wa kumi na moja. Kisha umeme ukakatika kabla hatujagusa wa kumi na mbili, na Jumapili alipofika Maneromango alikuta bibi amefariki tangu jana yake jioni.

Mimi nilikwenda msibani pamoja na Mama Nasra na wateja wake kadhaa, na pale nilifanya kazi yangu. Nasema kazi kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtani ana kazi msibani kama wapishi na wachimba kaburi walivyo na zao. Nilichukua kanga ya marehemu, nikajitanda, nikainama kama alivyokuwa ameinama, nikaketi kwenye kigoda chake na kuanza kuamrisha watu. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu alipokuja Kibaha, lakini sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, rahisi kuiiga. "We Zai! Zai! Chumvi kwenye kisamvu iko wapi? Mnataka nife mara ya pili?" Wafiwa walicheka huku wakijifuta kamasi. Jeneza lilipotaka kutoka nililala mlangoni mpaka nikahongwa mkungu wa ndizi. Zaituni alicheka mpaka akaniangukia begani, na hapo kicheko kikageuka kilio, akalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Mama yake, ambaye ndiye huyu aliyefariki sasa, alinishika mkono akasema, "Ahsante, mwanangu. Umemfungua."

Kesho yake asubuhi tulikaa nyuma ya jiko tukila mihogo ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, na Zaituni akaniambia jambo ambalo hakutaka mtu mwingine alijue. Jumamosi ile bibi aliuliza mara mbili, "Zai bado hajaja?" Mara ya tatu hakuuliza, alitazama tu mlangoni. Mama yake alikuwa amemwambia bila ubaya, kama mtu anavyosimulia saa za mwisho za mgonjwa. "Na mimi nilikuwa nacheza gemu, Kalunde," alisema. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Yeye pia hakulisema. Alimenya muhogo akanipa kipande kilichokuwa laini zaidi.

Tuliufikia mwisho wa gemu baada ya arobaini ya bibi kupita. Ilikuwa alasiri ya mvua, na chumba cha nyuma kilijaa wanawake ambao wengine hata hawakuwa na miadi, walikuja tu kujikinga na kutazama. Tulimpiga jambazi mkuu kwa robo saa nzima, Zaituni akimvuta upande wake ili mimi nimpige mgongoni, na alipoanguka saluni yote ililipuka kwa vigelegele. Mama Nasra aliacha kichwa cha mtu kikiwa na dawa. Tukasubiri mlango wa kutokea mjini ufunguke, Bi Kijani na Bi Manjano watoke pamoja. Maandishi yakapita kwenye kioo, yale yasiyosomeka. Kisha damu yetu sote wawili ikajaa upya, na wale wanawake wawili wakageuka polepole wakatazamana.

"Limeharibika," alisema Mama Nasra.

Halikuwa limeharibika. Tulijaribu kutembea kwenda kulia, hakuna njia. Kushoto, hakuna njia. Juu kukatokea hesabu ya namba inayorudi nyuma kutoka mia. Tukaelewa sote kwa pamoja, na chumba kikapoa. Nimefikiri sana juu ya mtu aliyetengeneza gemu lile, huko aliko, aliyeona ni jambo zuri kuwachukua watu wawili waliovuka mitaa kumi na miwili wakilindana na kuwaambia mlango ni wa mmoja. Pengine alidhani ni mzaha. Zaituni aliweka pedi mapajani. "Tusipigane. Tukae tu, tuone," alisema. Namba zikafika themanini, sabini. Mwanamke mmoja chini ya drayer, asiyejisikia, akapiga kelele, "Pigeni bwana! Wiki ngapi tunasubiri mwisho wa hii kitu? Muda ukiisha si mtakufa wote!" Wengine wakaanza kuchagua upande, Wazaramo wa pale kwa Zaituni, na mwanamke mmoja Msukuma, mtani wa Wazaramo kama mimi, akanipigia makofi. "Haya basi, mpagazi," alisema Zaituni akicheka. "Njoo nikutue."

Alikuwa bora kuliko mimi, na sikuwa nimewahi kulijua hilo. Miezi yote ile nilidhani tuko sawa, kumbe alikuwa akicheza chini ya kiwango chake ili tuende hatua moja. Bi Manjano alinirusha, akanikwepa, akanipiga kabla sijaamua nifanye nini. Wanawake wakacheka. "Mpagazi kaelemewa! Mzigo umemshinda!" Huo nao ulikuwa utani, na sikuwa na haki ya kukasirika, lakini nilikasirika. Nilikasirika kwa aibu ya kuonekana mdogo mbele ya watu waliokuwa wakiniona mkubwa. Damu yangu ilibaki alama mbili. Ndipo nikafungua mdomo na kutoa ile sauti ya kukwaruza.

"Zai," nilisema. "Zai bado hajaja?"

Vidole vyake vikasimama. Bi Manjano alisimama katikati ya kioo, mikono imening'inia. Nilimpiga mateke, nikahesabu, manne, matano, sita, na hakurudisha hata moja. Akaanguka. Mlango ukafunguka, Bi Kijani akatoka peke yake, ikaonekana picha ya mlima na jua, maandishi yakapanda, halafu gemu likaanza tena tangu mtaa wa kwanza kana kwamba hakuna kilichotokea. Saluni ilicheka na kupiga makofi. Wengine walikuwa wamefika msibani, waliijua ile sauti, na hawakusikia zaidi ya mtani anayemtania mtani kuhusu marehemu wake, jambo lililo halali. Zaituni naye alicheka. "Mtani umenimaliza," alisema. Akaweka pedi juu ya runinga kwa uangalifu, akachukua beseni la taulo akatoka nje kuzifua. Taulo zilikuwa safi, nilizifua mimi asubuhi.

Hakuninunia, na laiti angeninunia. Alianza kuniheshimu. Kesho yake aliniita Kalunde badala ya mpagazi, na kufikia mwisho wa wiki aliniita dada Kalunde. Aliniwekea chai, akaniuliza kama nimeamka salama, akanishukuru nikimpa kitana. Nilimrushia utani wa kila aina, nikamwambia Wazaramo wanaosha taulo safi kwa sababu ya ukosefu wa kazi, akatabasamu kwa adabu akaendelea kusuka. Gemu hatukucheza tena pamoja. Nilimwendea Mama Nasra kwa kuzungukazunguka, nikamuuliza kama mtani akizidisha anaweza kuomba radhi. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama samaki huoga. "Utani hauna pole, mwanangu. Ukiomba radhi umeshaua utani." Nikalikumbatia jibu hilo, maana lilinifaa. Nilijiambia kwamba nikinyamaza ninautunza utani wetu, wakati ukweli ni kwamba niliogopa. Mwezi uliofuata Zaituni alipata nafasi saluni moja Kisarawe mjini, akaondoka na begi lake dogo na kuniaga kwa mikono miwili kama mtu anavyomuaga mkwe. Mimi nikaenda chuo cha ualimu. Tangu hapo sijamtania mtu. Wenzangu shuleni, wakiwemo Wazaramo watatu, wanasema mimi ni Mnyamwezi wa bandia.

Kwa hiyo nilipofika Maneromango siku ya mazishi, bodaboda ikiwa imenirusha kwenye makorongo tangu Kisarawe mpaka mgongo ukafa ganzi, nilijua ninachotarajiwa kufanya na nilijua sitakifanya. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele alinitambua kwa sura ya zamani. "Si yule Mnyamwezi aliyelala mlangoni? Karibu! Msiba ulikuwa umepooza." Nilimwamkia, nikapata nafasi ukingoni mwa mkeka, nikakunja miguu na kuinamisha kichwa. Wanawake walisubiri kidogo, wakaniacha. Zaituni alikuwa anapita kati ya watu na sufuria, amenenepa, mtandio umefungwa kiunoni, akielekeza maji yawekwe wapi na kuni zitoke wapi. Macho yake yalikuwa makavu. Aliponiona hakusimama. Aliweka sufuria jikoni, akarudi, akanishika kiwiko, akanivuta mpaka kichumba cha nyuma kilichojaa magunia ya korosho.

"Umekuja kukaa?" aliuliza.

"Nimekuja kukupa pole, dada Zaituni."

"Pole nimepewa na kijiji kizima. Mimi nimeita mtani, ameniletea mgeni."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijatania mtu tangu siku ile. Akauliza siku ipi, nikamwambia anaijua. Akakwangua uzi wa gunia kwa ukucha. Nilikuwa nimelibeba lile neno zaidi ya miaka ishirini na likatoka vibaya, kwa haraka. "Nilitumia sauti ya bibi yako ili nikushinde. Uliniambia kwa siri, na mimi ndiye niliyekuzuia usiende, halafu nikakupiga nayo. Kwa ajili ya gemu, Zaituni."

"Msibani uliniita kwa sauti hiyohiyo," alisema. "Ukavaa na kanga yake. Nilikasirika?"

"Hapana."

"Unajua kwa nini?"

Sikujua.

"Kwa sababu ulikuwa unanitazama. Kila ulichosema ulikuwa unanitazama usoni, uone nimefika wapi, nikianguka unidake. Kule saluni nilipoisikia sauti ya bibi niligeuka, Kalunde. Niliacha gemu nikageuka kukutazama. Nilidhani umeona mimi sasa hivi nahitaji kulia, unanifungua tena mbele za watu kama siku ile. Nikakuta uko kwenye runinga. Hata hukujua kama nimegeuka."

Sikujua. Miaka yote nilidhani vidole vyake vilisimama kwa maumivu, na kumbe vilisimama kwa sababu alikuwa ananitafuta. Nilisema nisamehe. Nikaongeza, kwa upumbavu, kwamba nilidhani utani hauna pole.

"Hauna," alisema. "Ila ule haukuwa utani. Ungeniomba tu radhi."

Nje walikuwa wanaita mtu alete ndoo. Zaituni hakwenda. Aliegemea magunia, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyochoka. "Sijalia," alisema. "Tangu jana alfajiri. Nimepika, nimepokea watu, nimetafuta sanda. Machozi hayaji. Watu wataona sikumpenda." Hakuniomba chochote. Nilitaka kumkumbatia, na ingekuwa rahisi, maana ukimkumbatia mtu humwoni uso. Badala yake nilisogea mpaka nikawa mbele yake kabisa, nikamshika kidevu, nikamtazama, mikunjo yake, nywele nyeupe zilizochungulia chini ya mtandio, yale macho. Sikuwa na uhakika kama bado ninaruhusiwa.

"Haya, nikuone vizuri," nilisema. "Yatima gani huyu ana mvi? Eti, Mzaramo? Nani atakulea sasa, kizee kama wewe, na meno yenyewe yanakaribia kukuaga?"

Alinitazama. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda kikamtikisa mabega, akanipiga kofi la kifua akisema, "Mwanaharamu we, mpagazi," na kabla hajamaliza kulisema sauti ikapasuka. Akaita mama. Akaita tena, mama, mama yangu, kwa nguvu mpaka wanawake wa nje wakanyamaza. Nilimshika asianguke, na sikuangalia pembeni mpaka alipomaliza.